Kabla ya sindano ya kwanza, kubalianeni mtoto ataambiwa nini

Uongo wangu wa kwanza niliusema Namanga. Nilikuwa natoka Nairobi narudi Moshi, nimepakata chupa ya chai. Ndani hapakuwa na chai bali mapande ya barafu na sindano za homoni zilizofungwa kwenye nailoni, maana dawa zile zinataka ubaridi. Afisa akafungua kifuniko, akauliza ni nini. "Dawa ya sukari," nikamjibu. Alikuwa kijana mpole, hata ukweli angeuelewa. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kuficha.

Naandika kwa ajili ya wanandoa wanaofikiria upandikizaji mimba, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa tumboni, hasa wale walioambiwa watahitaji mbegu au mayai ya mtu mwingine. Fedha mtaulizana wenyewe. Mimi nataka kuzungumzia yale yanayobaki nyumbani baada ya bili kulipwa.

Kwanza, pimweni wote wawili, tena siku moja. Miaka 6 nilipimwa mimi peke yangu, nikanyweshwa mizizi, nikaombewa, wakati karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto huwa na tatizo kwa upande wa mwanamume pia. Kwetu ilikuwa pande zote mbili: mirija yangu imeziba, na kwa mume wangu hazikuonekana mbegu kabisa. Jambo hili watu wengi hawalijui: mbegu zisipoonekana kwenye kipimo, haina maana lazima hazipo mwilini. Wengine njia tu ndiyo imeziba, na tangu mwaka 1992 kuna utaalamu wa kuingiza mbegu moja ndani ya yai, hivyo hata chache zilizotolewa kwa sindano kwenye korodani zinaweza kutosha. Ulizeni hilo kabla hamjakubali mchangiaji. Mume wangu alifanyiwa, hazikupatikana. Tulirudi nyumbani bila kusemeshana, na usiku akaniambia niko huru kuondoka. Sikuondoka.

Baba mkwe alipojua, alituita Kibosho. Alisema kwa upole, macho yakitazama migomba: "Mdogo wake yupo. Damu isitoke nje ya ukoo." Hakuwa na nia mbaya. Kwake mtoto ni jina, na jina ni kihamba, yaani shamba la ukoo, na kihamba hakiendi kwa mgeni. Tulikosa usingizi wiki mbili kwa neno lile. Mwisho tulikataa, tukachagua mbegu za mtu tusiyemjua. Akilini nilimwona mtoto wangu atakayezaliwa, kila Krismasi akimwita "baba mdogo" mtu aliyemzaa. Nikamfikiria mke wa shemeji, ambaye hakuna aliyemuuliza. Nikajiuliza, siku ndugu hawa wakigombania mpaka wa shamba, ni neno gani litakalotupwa, na nani atakuwa amesimama pale akisikia? Zipo familia zitakazoweza. Mkitaka kufuata njia hiyo, anzeni kwa kukaa na mke wa huyo ndugu, siyo na ndugu mwenyewe.

Kuhusu dini nasema wazi. Mume wangu ni Mkatoliki, mimi Mlutheri wa Machame, na tulimwendea padre kabla, siyo baada. Hakutuficha. Tangu hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987, na tena Dignitas Personae ya 2008, Kanisa Katoliki halikubali mimba kutungwa maabara hata kwa mbegu za mume mwenyewe, sembuse za mtu wa tatu. Halafu akatuonyesha kwamba hati hiyo ya 1987 inasema mtoto, kwa njia yoyote aliyokuja, apokelewe kama zawadi hai ya wema wa Mungu na alelewe kwa upendo. Tulitoka pale bila ruhusa, na mume wangu analibeba jambo hilo kwenye sala zake mpaka leo. Lakini simshauri mtu amkwepe kiongozi wake wa dini ili tu asisikie hapana. Jirani yangu Mwislamu wa Majengo alielezwa na shehe sawa na fatwa ya mwaka 1980 ya Al-Azhar, kituo kikubwa cha elimu ya Kiislamu kilichopo Misri: yai la mke na mbegu za mume, ndoa ikiwa hai, inaruhusiwa, mtu wa tatu hapana, kwa sababu nasaba inachanganyika. Wapo wanazuoni wa Kishia waliomruhusu mchangiaji, lakini yeye ni Sunni na alikomea hapo. Leo anamlea binti wa dada yake, na nyumba yao imejaa.

Kwa ajili ya dhamiri ya mume wangu tuliomba yarutubishwe mayai matatu tu kati ya tisa, ili tusiache viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, kwenye barafu. Daktari alituonya kwamba tunapunguza nafasi yetu, tukakubali. Kimoja kiliacha kukua, viwili vikawekwa, kimoja kikashika. Nyinyi mkiamua kugandisha, someni fomu mstari kwa mstari: mmoja akifa itakuwaje, mkiachana itakuwaje, na nani atalipia kuvitunza kila mwaka. Mchangiaji naye, ulizeni kama amepimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na selimundu, na familia ngapi zimepewa mbegu zake. Uingereza wameweka kikomo cha familia 10. Sisi hatukuuliza, na linanisumbua.

Sasa siri. Baada ya kumkatalia baba mkwe, tulipopata mimba tulisema mume wangu amepona kwa dawa. Mama mkwe akatoa sadaka ya shukrani mbele ya jumuiya nzima. Mtoto akazaliwa wa kiume, akapewa jina la babu yake. Baada ya miezi michache kijana mmoja wa jirani, aliyeoa miaka 4 bila mtoto, akaja kwangu jioni na daftari. Alitaka nimwandikie jina la dawa. Nilishika ile kalamu nikalia mbele yake.

Tuliwaambia wazee mtoto akiwa na miaka 3. Baba mkwe alitoka nje, akakaa muda mrefu. Aliporudi alisema, "Jina langu analo. Halirudi."

Kwa hiyo nawaomba, mtoto aanze kusikia mapema, kabla hajajua kuona haya. Uswidi walitunga sheria ya kumpa mtoto haki ya kumjua mchangiaji tangu miaka ya 1980, na Uingereza waliochangia tangu Aprili 2005 hawafichwi tena mtoto akifika miaka 18. Siku hizi kipimo cha vinasaba kinafanywa kwa mate tu, kwa hiyo mkimnyima nyinyi, ataambiwa na karatasi. Mume wangu alimwambia wakiwa wanahamisha machipukizi ya migomba: kwamba mwili wa baba haukuwa na mbegu, mtu tusiyemjua akatupa. Mtoto aliuliza kama mtu huyo anajua tunapoishi, kisha akaomba maji.

Ukoo mzima haujui bado. Desemba iliyopita shangazi mmoja alimshika kidevu, akasema, "Huyu macho haya kayatoa wapi?" Mimi na mume wangu tukanyamaza. "Hatujui," mtoto akamjibu, akaendelea kula. Babu yake akachukua kisu, akamkatia nyama nyingine.