Swichi Kwanza, Sarakasi Baadaye: Kwa Wageni wa Ndege Kuukuu

Kila kundi jipya huingia hangani na ugonjwa uleule. Wamekesha na filamu za zamani, wanawataja Paul Mantz na Frank Tallman, marubani wa sarakasi za filamu, kama watu wanavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga, halafu asubuhi wanaishika rafadha ya Tiger Moth, ndege ya zamani ya mafunzo ya Kiingereza, kabla hata ya kuuliza swichi iko wapi. Karibuni sana, wadogo zangu. Sasa sikilizeni.

1. Swichi za magneto, yaani mtambo unaozalisha cheche za injini, za Tiger Moth zimewekwa nje ya bodi, kando ya rubani, makusudi kabisa, ili anayezungusha rafadha azione mwenyewe. Juu imewashwa, chini imezimwa. Basi zitazame, jibu la mtu anayehangaika na mkanda halitoshi. Na hata zikiwa chini, waya mmoja tu ukikatika magneto inabaki hai, kwa hiyo rafadha ichukuliwe kuwa inaweza kuwaka saa zote. Viganja viwe bapa juu ya panga. Usikunje vidole kwenye ukingo, maana injini ikipiga teke vinakwenda nayo. Simama pakavu, na ukivuta mwili urudi nyuma, usiinamie mbele. Kandambili zibaki nyumbani.

Kosa linalojirudia huwa hivi. Mtu yuko peke yake, injini baridi, inagoma. Anakwenda kuusogeza mkono wa mafuta, ule wa kuongeza nguvu ya injini, mbele kidogo, anarudi kuvuta. Inagoma. Anausogeza tena, na safari ya tatu hakumbuki ameufikisha wapi. Inapowaka, inawaka kwa nguvu zote, inapanda kabari, na Tiger Moth haina breki. Hapo kuna watu wawili wa kuwahurumia: anayelikimbilia bawa, na mwenye ndege iliyoegeshwa mbele. Kwa hiyo: kabari magurudumu yote mawili, mkia ufungwe kamba, na ndani akae mtu anayejua kuzima, sio shemeji aliyekuja kupiga picha.

2. Injini zenye silinda zilizopangwa kwa duara, kama R-1340 ya Kimarekani yenye silinda 9, zikikaa bila kuwashwa, oili hushuka kwenye silinda za chini. Oili haibanwi. Ukiwasha hivyo, pistoni inagonga ukuta wa oili na konrodi, fimbo inayoishika pistoni, inapinda; inaweza isikatike siku hiyo, ikangoja uko angani. Zima swichi, zungusha kwa mkono taratibu. Rafadha ya mapanga mawili isiyo na gia inahitaji mapanga 4 kupita ili kila silinda ibane mara moja, na hakuna ubaya kuongeza. Ukihisi kizuizi, acha. Usilazimishe, na usirudishe nyuma, kwani utaisukuma oili kwenye bomba la hewa na itarudi ukiwasha. Fungua plagi za chini, imwagike. Ni kazi chafu ya nusu saa, ndiyo maana inarukwa.

3. Mguu kwenye pedali za usukani. Gipsy Major, injini ya Tiger Moth, huzunguka kinyume na za Kimarekani. Stearman, ndege ya mafunzo ya Kimarekani, ikishika kasi pua inataka kwenda kushoto. Tiger Moth inataka kulia. Aliyezoea moja akipanda nyingine bila kufikiri, mguu wake unaongeza tatizo badala ya kulitibu.

4. Hizo filamu. Mnaona ujasiri, ila kilichowafikisha wengi wao uzeeni kilikuwa kupima. Chukueni rubani Derek Piggott, aliyeipitisha ndege ya mfano wa Fokker ya mabawa matatu chini ya daraja la reli kule Ireland kwa ajili ya filamu ya The Blue Max, iliyotoka 1966. Kila upande wa bawa ulibakiwa na futi kama 4. Hakukisia: alisimamisha milingoti miwili, mmoja mtoni na mwingine ng'ambo, akaruka akiiweka kwenye mstari mmoja. Alipita mara 15 kwenye tao pana na 17 kwenye jembamba. Kondoo waliowekwa karibu ili kuonyesha kwamba sio ujanja wa kamera walizoea ndege hadi wakaacha kukimbia, ikabidi mchungaji awatishe.

Rubani Dick Grace naye, kwenye filamu ya Wings ya 1927, alikuwa na kazi ya kuangusha ndege. Miguu ya Fokker ilidhoofishwa makusudi ili ivunjike ikigusa chini. Haikuvunjika kama ilivyopangwa. Ikavunjika shingo yake. Akapona, akaendelea na kazi.

Lakini linalouma ni la Mantz. Huyu si mtu wa pupa: ndiye aliyeitua B-17, ndege kubwa ya mabomu, kwa tumbo akiwa peke yake ndani, kwa ajili ya filamu ya Twelve O'Clock High, akatoka mzima. Mwaka 1965 alikuwa jangwani na ndege iliyoundwa kwa filamu moja tu, The Flight of the Phoenix. Mabawa ya Beechcraft, injini ya T-6 ya mafunzo, na bodi isiyo na historia yoyote. Aliyepangwa kuirusha ni Tallman, mshirika wake, ila aliumia goti, jeraha lililomgharimu mguu baadaye. Mantz akashika nafasi, nyuma yake Bobby Rose. Kazi ilikuwa kushuka, kugusa mchanga na kupaa tena, ionekane ndege inaondoka jangwani. Wakarudia. Ndege ikagonga kituta kidogo, Mantz akaongeza nguvu zote ili ainyanyue, na bodi ikakatika nyuma ya mabawa. Pua ikachimba mchanga. Mantz akafa, Rose akaumia vibaya.

Liangalieni kwa jicho la fundi. Chini kuna mchanga unaoshika na kuvuta nyuma. Mbele injini inavuta kwa nguvu zote. Katikati kuna bodi ambayo hakuna aliyewahi kujua inapinda kiasi gani kabla ya kukatika. Kwenye ndege ya kiwandani nguvu hizo zina njia iliyopimwa. Kwenye ndege ya kuunganisha vipande, zinatafuta kiungo dhaifu na kukipata. Mwongozaji akisema turudie, swali lako liwe: ardhi imekaguliwa upya kwa miguu? Viungo vimefunguliwa na kutazamwa baada ya mguso wa kwanza? Kama jibu ni hapana, mwambie anywe chai kwanza. Akununie.

5. Madogo madogo. Mwaga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi uone kama yana maji. Hesabu spana kabla ya kufunga bodi. Kama mtairusha Moth Nairobi, kama ilivyofanyika kwenye filamu ya Out of Africa, kumbukeni uwanja wa Wilson uko juu ya futi 5,500, na injini isiyo na kompresa ya kuishindilia hewa hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000: piga hesabu ya njia kabla ya kupakia mpiga picha na kamera zake.

Na wale wa injini za rotari, ambazo silinda zake huzunguka pamoja na rafadha: mafuta ya nyonyo hutumika kulainisha kwa sababu hayayeyuki kwenye petroli, yanatoka na moshi, na rubani anayameza, matokeo yake tumboni mnayajua. Kitufe cha kukata cheche za injini wakati wa kushuka msikibonyeze muda mrefu, maana petroli inaendelea kuingia na kujaa kwenye kifuniko cha injini, na cheche ikirudi kinawaka moto. Fungeni mafuta kwanza.