Maswali yenu kuhusu sayansi ya shule za msingi hapa Mombasa

Mmeniuliza mengi tangu shule zifunguliwe, leo najibu ya sayansi peke yake, maana ndiyo naona yawakera wengi na hata mimi yaniuma.

Mama wa Gredi 5, Kisauni: Kila wiki naambiwa ninunue karatasi ya manila, gundi, mara pamba mara betri. Kwani pesa za serikali zaenda wapi?

Dadangu, pesa zenyewe ni chache mno. Mgao wa mtoto wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, na akifika junia, yaani Gredi 7 hadi 9, pengine shule ile ile ukuta ule ule, unaruka mpaka 15,042. Hapo utaona kwa nini mwalimu anakurudia wewe. Lakini ukikaa usiku ukamkatia mtoto manila na kumbandikia, hapo umejifunza wewe, yeye amebeba tu mfuko asubuhi. Kwenye mkutano wa wazazi semeni vitu vya sayansi vinunuliwe mara moja kwa darasa, vikae kabatini, vitumike na Gredi 5 ya mwaka ujao pia. Na mradi wa sayansi ufanyiwe shuleni, mwalimu akiona.

Mwalimu, Changamwe: Nina watoto karibu 80, maabara hakuna. Hiyo sayansi ya vitendo nitaifanyaje?

Mwalimu wangu, pole, na darasa la watoto 80 si la kusifiwa ati twavumilia, ni kosa na serikali iambiwe. Lakini wakati twasubiri, toka nje. Simamisha fimbo uwanjani, vikundi vya watoto wanane wanane, kila kikundi na fimbo yake, wapime kivuli kila saa waandike. Mombasa iko kama digrii nne kusini mwa ikweta, kwa hivyo mwezi wa tatu na mwezi wa kumi kuna siku jua linapita juu ya kichwa kabisa, saa sita na kitu mchana kivuli cha fimbo kinapotea, na mtoto aliyeona hilo kwa macho yake hutamsukuma tena kuuliza kwa nini. Maji ya bahari kwenye sahani, weka juani, chumvi inabaki, hapo umefundisha kutenganisha mchanganyiko bila kununua kitu. Watoto wa baharini wanajua bamvua, maji yakijaa sana, na maji mafu, yakijaa kidogo, kabla ya kujua kusoma, sasa waambie waandike maji yalijaa saa ngapi na mwezi ulikuwaje, mwezi mzima, halafu uwaulize wameona nini. Usiwape jibu mapema. Mafunzo ya SMASE, ya walimu wa hisabati na sayansi, yaliyoanza na walimu wa sekondari mwaka 1998, yalisisitiza hili hili, mtoto afanye mwenyewe na mwalimu atumie kilichoko.

Baba, Likoni: Mtoto wangu alikuwa mwerevu, kufika Gredi 4 sayansi imemshinda ghafla.

Angalia lugha kwanza. Kuanzia Gredi 4 masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, na ndipo somo la Sayansi na Teknolojia linaanza, vyote viwili vinamwangukia mwaka mmoja. Mwambie akueleze kwa Kiswahili alichokiona. Akieleza vizuri basi sayansi anayo, anachokosa ni Kiingereza, na mwalimu ajue hivyo asimwandikie kuwa hawezi.

Msomaji, Tudor: Nasikia miji ya Marekani ilibadilisha sayansi mji mzima. Sisi twashindwa na nini?

Kweli, mwaka 1993 shirika lao la taifa la sayansi, NSF, lilianzisha mpango uliolenga miji 25 yenye watoto wengi maskini, na wazo lilikuwa kugusa mtaala, mitihani, mafunzo ya walimu na pesa kwa pamoja, si kimoja kimoja. Ninachokipenda zaidi kule ni maboksi ya vifaa: wilaya kadhaa za shule, kila moja ina stoo yake, boksi la somo linakwenda shule hii, likirudi linajazwa upya, linapelekwa nyingine. Mombasa tuna kaunti ndogo sita tu, toka Jomvu mpaka Nyali si safari, stoo moja ingetosha kuanzia. Kikwazo ni kuwa kwa katiba ya 2010 kaunti ina chekechea, msingi ni ya serikali kuu, kwa hivyo mpaka wakae meza moja. Na mwalimu atembelewe darasani mara kwa mara, semina ya siku mbili hotelini haimbadilishi mtu.

Mzazi, Mvita: Tableti zitasaidia?

Kidogo. Video ya mmea ukiota haishindi kunde aliyoipanda mtoto mwenyewe kwenye kopo.

Mama, Mikindani: Nimtafutie tuisheni ya KPSEA, mtihani wa Gredi 6?

Usikimbilie. KPSEA ni asilimia 20 tu ya matokeo ya kumpangia shule ya sinia, yaani kuanzia Gredi 10, kazi za shule Gredi 7 na 8 ni 20, KJSEA, mtihani wa Gredi 9, ndiyo 60. Hiyo pesa ya tuisheni mnunulie kioo cha kukuzia na daftari la kuandika anachokiona, na Jumamosi mpeleke kwenye mikoko maji yakipwa.