Swali la lugha: tokeni, ishara, zamu au kijiti?

Swali limetoka kwa fundi umeme wa kiwanda kimoja cha chai kule Mufindi, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Hapa kazini tuna PLC nne, zile kompyuta ndogo za kuendeshea mitambo, zinaongea kwenye kebo moja ya zambarau. Kila mwaka napokea vijana wa VETA wanaokuja fildi, na nikifika kwenye habari ya mtandao wa tokeni, yaani mashine kuongea moja moja kwenye waya mmoja na haki ya kuongea ikizunguka, naona wameshapotea, wanawaza luku. Mwenzangu anataka tuseme ishara, bosi anasema ruhusa, mimi nilikuwa nasema zamu. Tuandike lipi ubaoni? Na ni kupeana, kupasiana au kupokezana?"

Marahaba fundi, na kamwene huko kwenye ukungu. Swali lako nimekaa nalo siku tatu manake sio la kamusi tu, ukimpa kijana neno baya hapo anaondoka na picha ya uongo kichwani, na siku mtandao ukigoma saa nane usiku yuko peke yake hiyo picha ndo itamuongoza. Kwahiyo jibu kwanza, maelezo baadaye: andika kijiti, na kitenzi chake kiwe kupokezana. Tokeni usiifute, ibaki pembeni sababu ndo wataikuta kwenye skrini na kwenye vitabu vya mashine, ila kuelezea eleza kwa kijiti.

Shida ya tokeni umeshaisema mwenyewe. Kwa Mtanzania wa leo tokeni ni zile namba 20 za luku, unanunua kwa simu, unabonyeza kwenye mita, umeme unaingia, na namba zile zimeshakufa hapohapo, ukizirudia mita inakataa. Yaani tokeni yetu inanunuliwa, ina mwenyewe, inatumika mara moja inaisha. Ile ya kwenye kebo yenu ni kinyume kabisa, haina mwenyewe, haiishi, na kazi yake yote ni kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Kwahiyo vijana wako hawana kosa, neno walilipokea mtaani likiwa na maana kamili na wewe unawapa maana nyingine juu yake bila kuwaambia.

Sasa kwanini kijiti. Wote tumekimbia au tumeangalia mbio za kupokezana vijiti shuleni, hata kama ni UMITASHUMTA ya tarafa. Mwenye kijiti ndo anakimbia, wenzake wa timu yake wamesimama, na kijiti chenyewe hakina thamani yoyote, hakina ujumbe ndani, ni haki tu ya kukimbia iliyopewa mwili ili ishikike. Hicho ndo kinachotokea kwenye kebo yako. Na kuna jambo linanifurahisha hapa: wazo lenyewe lina undugu na fimbo kweli. Kwenye reli za njia moja huko Uingereza, karne ya 19, dereva wa treni hakuruhusiwa kuingia kipande cha reli mpaka akabidhiwe fimbo ya kipande hicho, fimbo ni moja tu, kwahiyo treni ni moja tu. Fikiria reli ya njia moja kama TAZARA inayopita hapo Makambako kuja Mbeya, treni mbili zikikutana uso kwa uso katikati ni msiba. Kwahiyo tukisema kijiti hatutungi mzaha wa darasani.

Ishara hapana. Kwenye waya kila kinachopita ni ishara, taarifa ni ishara, jibu ni ishara, hata kelele za mota zinazoingia kwenye kebo mbovu zinaonekana kama ishara, sasa utamwambia kijana "subiri ishara", ipi?

Ruhusa ya bosi wako iko karibu na ukweli lakini inapotosha kwa njia nyingine. Kwa Kiswahili ruhusa inaombwa, na inatoka juu. Unaomba ruhusa kwa mwalimu, kwa mzee, kwa bosi. Kwenye mtandao huu hakuna anayeomba na hakuna wa juu, wote wenye haki ya kushika kijiti wako sawa, kinakufikia tu hata kama huna la kusema, na kama huna unakipitisha. Kuna mitandao mingine ambayo mmoja anaita wenzake kwa majina kama mwalimu anavyoita mahudhurio asubuhi, huko ruhusa ingefaa sana.

Zamu ndo neno lililonisumbua, manake ni zuri, ni letu, na halijakosea. Kipimo changu kilikuwa hiki: neno tunalochagua lazima liweze kupotea na lazima liweze kuwa mbili. Ukisema "zamu imepotea" msikilizaji anaelewa kuna mtu kakosa zamu yake, ukisema "zamu mbili" anaelewa kiwanda kina zamu ya mchana na ya usiku. Lakini sema "kijiti kimepotea" au "kuna vijiti viwili", hata mtoto anajua mbio zimeharibika, na hayo mawili ndo magonjwa makubwa ya mitandao hii. Kwahiyo zamu itumie mahali pengine nitakapokuonesha.

Kwa wale wanaosoma ambao sio mafundi nifungue kidogo, manake bila mwendo wake neno halishiki. Mashine kadhaa zimeunganishwa kwenye waya mmoja, wawili wakiongea kwa pamoja maneno yanagongana hakuna anayesikika. Ethaneti ya zamani, ule mtandao wa kompyuta za ofisini, ilitatua kwa mtindo wa wapiga debe wa Nane Nane hapa Mbeya: sikiliza, kukiwa kimya ongea, mkigongana kila mmoja anyamaze muda wa kubahatisha ajaribu tena, na ikishindikana mara 16 anaacha. Ofisini hilo halina neno, nani atahesabu kama barua imechelewa robo sekunde. Kiwandani kuna valvu ya boila inasubiri amri. (Ethaneti za sasa zenye swichi hazigongani hivo, usije kuwafundisha kwamba bado ziko vile.) Kijiti kinatoa kitu ambacho bahati haitoi, unaweza kukaa na karatasi ukahesabu mwisho wa kusubiri. Tuseme vituo, yaani mashine zinazoshika kijiti, ni vinne na kila kimoja kinaruhusiwa kushika kijiti milisekunde 10 tu, basi hata wenzako watatu wakitumia muda wao wote utasubiri milisekunde 30 na chenga kidogo za kupokezana. Hapo ndo viwanda vilipovutiwa. Mtandao wa ARCNET wa kampuni ya Datapoint ya Marekani ilianza miaka ya 1970 kwa megabiti 2.5 kwa sekunde, General Motors wakausukuma mtindo huu kwenye viwanda vyao vya magari miaka ya 1980, IBM nao wakatoa Token Ring (pete ya tokeni) yao mwaka 1985, kisha Wajerumani wakaja na PROFIBUS, mtandao wa viwandani, mwaka 1989, ambayo kwa rangi ya kebo uliyotaja nadhani ndo uliyonayo hapo.

Kwenye PROFIBUS kijiti ni baiti tatu tu. Ya kwanza inasema mimi ni kijiti, ya pili inamtaja anayepokea, ya tatu anayetoa. Basi, hakuna kingine ndani. Kinatoka kituo chenye anwani (namba ya kituo) ndogo kwenda chenye anwani kubwa inayofuata, kikifika kwa mkubwa kuliko wote kinarudi kwa mdogo. Hapa sasa ndo zamu inapata kazi: waya wenu ni mstari, una ncha mbili na kila ncha ina kizuizi chake (rezista), lakini kijiti kinazunguka kana kwamba ni duara, hilo duara ambalo halionekani kwa macho liite duara la zamu. Usiliite pete, pete waachie IBM. Na kebo yenyewe, ambayo Wazungu wanaiita bus, nakusihi usiseme basi, kijana wa Mbeya ukimwambia basi anaona gari la kwenda Dar, sema kebo ya pamoja inatosha.

Ukitaka waelewe siku hiyohiyo, wakumbushe kilabu cha ulanzi. Wazee sita wamekaa kwenye benchi Kilolo huko, kopo ni moja, linazunguka. Mwenye kopo anakunywa, wengine wanapiga soga wakisubiri, asiye na kiu anagusa mdomo tu anapitisha. Mmoja akitoka nje, mwenzake ananyoosha kopo, kimya, ananyoosha tena, kimya, ananyoosha mara ya tatu, kimya, anamruka anampa wa pili yake. Mgeni akiingia hanyakui kopo, anakaa kwenye nafasi mpaka jirani ageuke aone kuna mtu, ndo anaingizwa kwenye mzunguko. Hatua kwa hatua PROFIBUS inafanya hivyohivyo, hata ile ya jirani kugeuka: kila kituo kinachoshika kijiti kila baada ya muda kinachungulia anwani zilizo kati yake na anayemfuata kuona kama kuna aliyewaka. Kopo linaachana na kijiti sehemu moja tu, kopo lina kitu ndani na linaisha, ndo maana neno la ubaoni halikuwa kopo.

Kijiti kikipotea, labda kituo kilichokuwa nacho kimezimika umeme, waya unakuwa kimya. Kila kituo kina saa yake ya kuvumilia ukimya, na urefu wa uvumilivu unategemea anwani, mwenye anwani ndogo anavumilia kidogo, kwahiyo yeye ndo wa kwanza kuvunja ukimya na kuanzisha kijiti kipya. Mwambie kijana "mwenye namba ndogo ndo anaanzisha" na atajua pa kuangalia kwanza akiona mtandao umechelewa kuamka. Na kama kijiti kimekuja kwa kuchelewa, kituo kinaruhusiwa kutuma ujumbe mmoja tu wa dharura halafu kiachie. Kijiti kikichelewa hukai nacho. Sentensi hiyo nimeiandika makusudi kwa Kiswahili cha kawaida uone kwamba inasemeka.

Sasa kitenzi. Kupasiana ni cha mpira, mnaelewana sawa, lakini pasi unampa yeyote aliye wazi na kijiti hakiendi hivo. Kupeana kunabeba pande mbili, mimi nakupa na wewe unanipa, kama kupeana mikono au zawadi. Kupokezana kumejengwa vizuri mno: pokea, ukiongeza z unapata pokeza, yaani fanya mwenzako apokee, ukiongeza ana unapata kufanya hivyo mmoja kwa mwingine mpaka mwisho wa mstari. Siku ya kumwaga zege watu wanapanga mstari wanapokezana ndoo. Mgonjwa akishushwa mlimani kwa machela vijana wanapokezana kubeba. Kuna mtoaji, kuna mpokeaji, na mpokeaji huyohuyo ni mtoaji wa hatua inayofuata, yote ndani ya neno moja. Kwahiyo: mtandao wa kupokezana kijiti.

Umesahau kuuliza moja nami nitalijibu, manake najua linakuja. Vile vifaa visivyoshika kijiti kabisa, sensa na valvu zinazojibu tu zikiulizwa, vitabu vinaviita kwa neno ambalo kwetu ni mtumwa. Usiandike hivyo mbele ya vijana. Tuna neno la ngomani na la kwaya, kiongozi anaanzisha, waitikiaji wanaitikia, na hakuna mwitikiaji anayeanza wimbo mwenyewe. PLC zako nne ni vituo viongozi, vilivyobaki ni waitikiaji.

Mwisho upatanisho, manake nimeona kwenye ujumbe wako umechanganya. Ukitumia tokeni ni imepotea, zimekuwa mbili, tokeni ya kituo cha tatu. Ukitumia kijiti ni kimepotea, vimekuwa viwili, kijiti kimekwama kituo cha tatu. Usiseme "kijiti imekwama" hata kama kila mtu karakana nzima anasema, vijana wanaandika ripoti za fildi kwa kufuata mdomo wako.