Masanduku ya Picha za Marehemu Baba

SWALI: Baba yetu, aliyekuwa mpiga picha hapa Kadutu, Bukavu, alituachia masanduku matatu ya picha na negativu. Dada yangu anataka tuzipange upya kwa miaka. Baadhi ya negativu zinanuka siki. Tufanyeje? – Msomaji, Bukavu

JIBU: Poleni kwa msiba. Mwambie dada asubiri kidogo, kwa sababu mpangilio aliouacha mzee ni ushahidi: picha isiyo na jina, ikiwa ndani ya bahasha moja na za arusi fulani, tayari imejieleza nusu. Ipeni kila bahasha namba, kisha andikeni daftarini namba hiyo, waliomo, mahali, na jina la aliyewatambua. Mketisheni mama yenu na picha hizo mapema, kumi kumi, asichoke. Nyuma ya picha tumieni penseli laini, pembeni, kamwe si kalamu ya wino.

Harufu ya siki ni dalili kwamba plastiki ya asetati, ambayo ndiyo filamu ya negativu hizo, inaoza kwa joto na unyevu, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa zile za jirani. Zitengeni leo, mzianze hizo kuziskani. Masanduku yasikae sakafuni wala kuegemea ukuta wa nje. Nakala moja ya faili ikae kwa ndugu wa mji mwingine: waliokuwa Goma mwaka 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia mjini, hawatauliza kwa nini.