Chombo cha anga kinapong'aa chenyewe

SWALI: Mhariri, nimesikia kuwa baadhi ya sehemu za vyombo vya anga za juu hung'aa zinapopigwa na elektroni, hata pasipo taa. Mwanga huo hutoka wapi, na je, unaweza kuisumbua darubini?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Jambo hili huitwa kathodoluminesensi, nalo ndilo lililokuwa likionyesha picha katika runinga za zamani zenye kioo kizito. Angani, elektroni hizo hutoka katika upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zitokazo kwenye Jua, na katika mikanda ya Van Allen, yaani kanda za chembe zenye chaji zinazoizunguka Dunia, iliyogunduliwa mwaka 1958.

Vinavyong'aa hasa ni vihami umeme, yaani vitu visivyopitisha umeme, kama vile silika (mchanganyiko wa silikoni na oksijeni) na plastiki za kuzuia joto, wala si metali tupu. Elektroni ya kihami ikisukumwa na elektroni inayotoka nje hupanda ngazi ya nishati, na inaposhuka hunaswa penye kasoro, kwa mfano mahali ambapo atomi ya oksijeni imekosekana au kifungo cha atomi kimekatika. Ikitoka hapo na kuendelea kushuka, nishati iliyozidi huweza kutoka kama fotoni, yaani chembe ya mwanga. Kila aina ya kasoro ina rangi yake. Katika silika, mwanga wa buluu wa takriban nanomita 460 hutokana na upungufu wa oksijeni, na mwekundu wa takriban nanomita 650 hutokana na oksijeni iliyobaki na mkono mmoja usiofungwa.

Sasa itazame darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 na kuwekwa umbali wa kilomita milioni 1.5 hivi kutoka Duniani. Vioo vyake vya berili vimepakwa dhahabu, na juu ya dhahabu kuna utando mwembamba sana wa silika wa kuilinda. Utando huo ndio wa kuangaliwa, kwa kuwa darubini hiyo huona mwanga kuanzia mikromita 0.6 (yaani nanomita 600) hadi 28.5: buluu ya silika iko nje ya upeo huo, lakini wekundu wake umo ndani, ukingoni kabisa. Ni mwanga hafifu mno, ila darubini inayotafuta galaksi za mbali haina njia rahisi ya kuutenga na ule inaoutafuta.

Wengi hudhani kwamba elektroni yenye nishati kubwa zaidi ndiyo iletayo mwanga mkali zaidi. Katika utando mwembamba sivyo, kwa sababu elektroni kali huupenya na kuacha humo nishati kidogo tu, ilhali ya wastani husimama ndani na kuiacha yote. Baridi nayo huongeza mwanga katika vihami vingi, kwani mitetemo ya atomi hupungua na nishati inayopotea kama joto huwa ndogo zaidi. Kwa sababu hiyo, naona kipimo kilichofanywa katika joto la kawaida la maabara hakitoshi kabisa kuidhinisha kifaa kitakachofanya kazi kwenye nyuzi 230 za Selsiasi chini ya sifuri. Sampuli ipimwe ndani ya ombwe, ikiwa imepozwa hadi baridi hiyohiyo.