Upepo wa tairi za Hilux: stika inasema 29, fundi pancha anajaza 45

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina Hilux ya milango minne, tairi 265/65R17 za tyublesi (zisizo na mpira wa ndani). Napakia nyanya Ilula, milimani Iringa, kwenda Dar es Salaam, kama kilo 800, narudi mtupu. Stika ya mlangoni inasema upepo uwe kPa 200 mbele na nyuma, na 240 nyuma gari likiwa na mzigo. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kikomo cha PSI 44. Fundi pancha anajaza 45 zote nne, anasema gari la mzigo halitaki upepo mdogo. Tairi za nyuma zimeliwa katikati, pembeni bado nzima, na mvua ikinyesha mkia unateleza. Nifuate namba ipi?

Jibu: Fuata stika ya mlangoni. Namba ya ubavuni ni mwisho wa upepo ambao tairi inaruhusiwa kujazwa. Aliyeitengeneza hajui itafungwa kwenye gari gani. Stika imepigiwa hesabu kwa uzito wa gari lako na saizi hiyo ya tairi. Hiyo 45 imepita hata kikomo chenyewe.

kPa na PSI vyote ni vipimo vya upepo, na geji nyingi za mitaani husoma PSI, kwa hiyo gawanya kPa kwa 6.9: 200 ni 29, 240 ni 35. Ukiwa mtupu, jaza 29 zote nne. Ukipakia nyanya, nyuma 35, mbele ibaki 29, kwa sababu mzigo wa bodi unakaa karibu wote juu ya ekseli ya nyuma.

Kuliwa katikati na kuteleza vina chanzo kimoja. Upepo ukizidi, tairi inavimba katikati, kingo zinanyanyuka, na sehemu inayogusa lami inakuwa nyembamba. Hilux tupu ni nyepesi nyuma, ndiyo maana mkia unaanza kuhama lami ikilowa. Angalia ndani ya mifereji ya tairi, utaona vinundu vidogo vya mpira; vimewekwa kwenye kina cha milimita 1.6. Kama katikati pameshalingana navyo, tairi hiyo imekwisha hata kama pembeni inapendeza.

Hofu ya fundi wako hata hivyo ina msingi. Upepo mdogo chini ya mzigo ni hatari kuliko upepo mwingi. Ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto linapanda, waya na mpira vinaachana, kisha tairi inapasuka, mara nyingi kwenye mwendo mrefu wa joto kama ule wa Ruaha Mbuyuni hadi Morogoro. Dalili yake ya mapema ni kuliwa kingo zote mbili. Ikiliwa ukingo mmoja tu, usihangaike na upepo, peleka gari kwenye alaimenti (kunyoosha magurudumu).

Pima tairi ikiwa baridi: gari limelala, au limesimama kwa muda wa saa tatu, au halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu. Na pima kwa geji yako mwenyewe. Geji ya kompresa inayotupwa chini kutwa nzima haiaminiki.

Ukitaka kujua kama 35 inatosha kwa mzigo wako halisi, pima nyuma asubuhi kabla ya kuondoka, endesha saa moja kwenye lami, simama upime tena. Ikipanda PSI 4 hadi 6, uko sawa. Ikipanda zaidi ya 6, ama umepakia kupita kiasi ama upepo ulikuwa mdogo. Punguza mzigo, au safari ijayo anza na 37. Ikipanda chini ya 4, ulijaza kupita mahitaji. Usitoe upepo tairi ikiwa ya moto eti kwa sababu inasoma 40. Ukiishusha hadi 35, ikipoa itasoma kama 30, na hapo ndipo unapopakia tena bila kujua. Vivyo hivyo ukishusha mzigo sokoni na huna muda wa kusubiri ipoe, rudi na hiyo 35, ila punguza mwendo kwenye mvua.

Usishangae pia ukipima Dar ukakuta namba si ile ya Ilula. Geji husoma tofauti ya hewa ya ndani na ya nje, na hewa ya pwani ni nzito kuliko ya milimani, hivyo namba hushuka kama PSI 2. Joto la Dar nalo linaweza kuipandisha. Pima asubuhi, sahihisha, basi.

Jambo moja la kuangalia unaponunua tairi mpya: ukifunga zenye herufi LT mwanzoni au C mwishoni mwa saizi, namba za stika yako hazitoshi. Tairi hizo zina ubavu mgumu na zinahitaji upepo zaidi kubeba kilo zilezile. Mwombe muuzaji jedwali la mzigo na upepo la tairi hiyo.

Tairi nzima hupoteza kama PSI 1 kwa mwezi. Ikipoteza 3 kwa wiki kuna mahali panavuja: mwagia maji ya sabuni kwenye valvu, kwenye ukingo wa rimu, kisha kwenye meno. Mara nyingi ni sindano ya valvu imelegea, na kofia haipo, vumbi limeingia. Spea iliyo chini ya bodi ijaze 35, maana hujui itafungwa mbele au nyuma. Kuitoa upepo barabarani ni dakika moja, kuijaza bila pampu haiwezekani.