Kizibao kimejaa beji? Tafuta hapa

Siku hizi kila msafara wa pikipiki una beji yake ya kitambaa ya kushonea, na kifua cha kizibao hakiongezeki. Wenzangu wakiniuliza waweke wapi nyingine, naanza na pale pasipofaa: mgongoni. Hapo ni pa klabu. Kule Marekani, jina la klabu juu, nembo katikati na jina la eneo chini ni tangazo kwamba eneo hilo lina wenyewe, na vilabu kama Hells Angels havilichukulii kama mapambo. Beji ya umbo la almasi yenye 1%, alama ya vilabu vinavyojitangaza kuwa nje ya sheria, nayo usiinunue kwa kuwa imekupendeza tu.

Sehemu ninayoipenda ni ubavuni, kuanzia chini ya kwapa hadi kiunoni. Wengi huisahau. Beji ndefu nyembamba hukaa vizuri hapo, ila zisivuke kamba za kukazia. Vifuniko vya mifuko pia vinafaa. Mwambie fundi ashone kifuniko peke yake, la sivyo utarudishiwa mfuko usiofunguka. Beji za marafiki waliotangulia mbele ya haki naziweka ndani, kwenye bitana. Si lazima kila mtu azione.

Kwa ngozi nenda kwa fundi viatu, si fundi nguo. Tundu la sindano kwenye ngozi halizibiki, kwa hiyo bandika kwanza kwa utepe, vaa, panda pikipiki, nyosha mikono hadi kwenye usukani. Ndipo utakapoona kinachojikunja. Pasi usiiguse ngozi, hata beji ikiwa na gundi yake nyuma.

Jaketi la kitambaa la kuzuia mvua lina mambo yake. Kama utando wa kuzuia maji umeunganishwa na kitambaa cha nje, kila tundu ni mlango wa maji, na mvua ya Limuru haibishi hodi. Kama utando huo ni bitana inayotoka kwa zipu, itoe kwanza, kisha shona ganda la nje tu. Vitambaa vinavyoakisi mwanga usivifunike: sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji avae jaketi lenye viakisi, na usiku dereva wa lori anaona viakisi hivyo, haoni beji yako ya Naivasha. Kizibao chenye mfuko wa hewa unaofura ukianguka kiache kama kilivyo.

Helmeti? Stika, tena ile mtengenezaji anayoiruhusu. Gundi kali zina viyeyusho vinavyoweza kudhoofisha ganda la plastiki.

Bado unazo? Begi la tangi, begi la kitambaa la pembeni na mkoba wa spana vyote vinapokea sindano bila ubishi. Na ukitaka kuhamishia zile za zamani huko, kata uzi kutokea upande wa beji, mshono mmoja mmoja, wembe ukielekea mbali na ngozi.